Kikao cha Jumamosi cha waliotoka vikundi vya dini, Ngamiani Tanga: nawapa nyota nne

Naandika rivyuu hii kwa ajili ya mtu aliyetoka, au anayetaka kutoka, kwenye kanisa au kikundi chochote cha dini kilichomkaba, yupo hapa Tanga mjini au Muheza au Pangani huko na hajui amfuate nani. Kuna kikao kinafanyika Ngamiani kila Jumamosi jioni, chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa chai, na katikati ya wiki kuna ushauri wa mtu mmoja mmoja kwa miadi. Jina la mgahawa silitaji wala la mama anayeendesha, wenyewe wameomba hivyo na wana haki, kwa sababu wengi wanaokwenda pale bado wana mama zao, waume zao, watoto wao humo ndani, na wapo walioshafuatwa mpaka kazini. Namna ya kufika nitaeleza chini.

Nyota nne kati ya tano. Kubwa lililonifanya niwape hizo nne ni kwamba pale hakuna mtu anayekupangia namna ya kupinga ulikotoka. Mimi nimepita kwenye magrupu ya wasapu ya watu waliotoka, mengine ya Dar mengine ya Mwanza, na karibu kote utakuta kuna mtu kashika usukani anakwambia kama hujaenda laivu ukamtaja mchungaji wako kwa jina basi wewe hujatoka, umetoa miguu tu. Ukihamia grupu lingine unakuta wao wanasema ukiongea hadharani unatafuta kiki, samehe unyamaze umwachie Mungu. Yaani mtu umetoka kwa aliyekuwa anakuamulia uvae nini uolewe na nani, unafika huku unakokuita uhuru unakuta mwingine anakuamulia ukasirike vipi. Watu wanayakimbia hayo magrupu jamani, na wengine upweke unawarudisha kulekule walikotoka, nimewaona kwa macho yangu.

Mahali penyewe ni pa kawaida kabisa. Unapita mgahawani, watu wanakunywa chai wanaangalia mpira, unaingia korido, kushoto kuna chumba kina meza mbili zimeunganishwa, viti vya plastiki, feni moja la juu na dirisha linaloangalia uani. Chai ya tangawizi, vitumbua, siku nyingine mihogo ya kukaanga na chachandu. Mchango ni shilingi 2,000 na asiyekuwa nayo anakunywa chai vilevile, hakuna wa kumtolea macho. Ukutani wamebandika karatasi imeandikwa kwa mkono, wino mwekundu na wa bluu, wiki iliyopita imeingia shilingi ngapi na imetoka ngapi, sukari, maziwa, majani, nauli ya dada aliyetoka Pongwe. Mtu wa nje ataona hicho ni kitu kidogo. Ila sisi tuliotoa sadaka ya mbegu, ya kuvunja laana, ya kufungua malango, ya gari la mtumishi, miaka na miaka bila kuoneshwa hata karatasi moja ya hesabu, ile karatasi niliisoma mstari kwa mstari kabla sijakaa.

Anayeendesha ni muuguzi mstaafu, wote tunamwita Mama, vijana wakiingia ni shikamoo Mama kwanza ndio wavute kiti. Siyo mwanasaikolojia na hajifanyi kuwa mwanasaikolojia. Hafungui kwa sala wala hafungi kwa sala, na hapo nieleze vizuri maana kuna watu wamesikia hivyo wakadhani ni kikao cha wapinga Mungu. Siyo. Mle kuna waliotoka kwenye makanisa ya maombi wakahamia Katoliki au Kilutheri wakatulia, kuna waliotoka kwa shekhe mmoja aliyekuwa anawakatalia watoto shule na hospitali na bado ni Waislamu wazuri tu, na kuna wawili watatu ambao hawataki tena kusikia habari za dini yoyote ile. Adhana ya magharibi ikilia wanaoswali wanakwenda msikiti wa jirani, kikao kinasimama, chai inaongezwa, wakirudi tunaendelea pale tulipoachia. Asiyeamini haambiwi utarudi tu, na anayeamini haambiwi bado hujaamka. Mimi bado nasali, na nilishachoka kuambiwa na waliotoka wenzangu kwamba kusali kwangu ni ugonjwa uliobaki.

Sasa niwaeleze jambo moja lililotokea nikiwepo, wahusika wameniruhusu mradi nisiwataje.

Kuna baba mmoja wa makamo, kwenye kanisa lao la zamani alikuwa mweka hazina. Ana faili la plastiki la kijani lina kila kitu, slipu za benki, meseji za kutuma pesa ameziprinti, mpaka karatasi za mauziano ya kiwanja cha muumini mmoja. Anataka kupeleka malalamiko kwa Msajili wa Jumuiya za Kiraia, Wizara ya Mambo ya Ndani, na siku hiyo alikuja na barua imeshachapwa akataka wote waliotoka kanisa hilo wasaini. Kalamu ikazunguka. Ilipofika kwa binti mmoja, akaisogeza kwa mwenzake bila kusaini. Baba akauliza vipi. Binti akasema mama yake bado yumo, wanaongea kwa simu Jumapili jioni tu, dakika chache, mama akiwa kwa shangazi, na jina lake likionekana kwenye hiyo barua hizo dakika nazo zitakwisha. Baba akapandwa na hasira, akasema nyie mnaonyamaza ndio mnaowapa nguvu hawa watu, watoto wa wenzenu wanaumia nyie mnalinda simu ya Jumapili. Binti akamjibu kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia, samahani baba, wewe mama yako alishatangulia mbele za haki, wangu yuko hai.

Kwenye magrupu niliyopitia mimi hapo ndipo mmoja angetolewa, na mnajua angekuwa nani, angekuwa yule binti. Mama hakusema nani yuko sahihi. Alimgeukia kijana mmoja msaidizi wa kisheria ambaye huwa anakuja mara mojamoja (hawa wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huduma yao ni bure, watumieni), akamuuliza hiyo barua inahitaji saini ngapi. Kijana akasema malalamiko hayapimwi kwa wingi wa saini, mtu mmoja mwenye vielelezo mkononi anatosha kuanza, na lile faili la kijani lina uzito kuliko saini za watu kumi wasio na karatasi hata moja. Kisha Mama akamgeukia binti, mwanangu, kitu gani unaweza kutoa bila kujiumiza? Binti akafikiri, akasema anawakumbuka watoto walioachishwa shule, shule zao anazijua, na mwaka anaujua. Hayo yakaandikwa pembeni bila jina lake ili yapelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, maana kumzuia mtoto asisome ni kosa tangu Sheria ya Elimu ya 1978 na Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamlinda, halafu shauri hilo halihitaji kabisa kujua nani alitoa sadaka kiasi gani.

Barua ikaenda na saini za waliotaka. Binti anaendelea na simu yake ya Jumapili. Sitasema wamekuwa marafiki, baba bado anaona binti anachelewesha mambo na binti bado anauogopa ule ukali wake, lakini wanakaa meza moja na hakuna aliyefukuzwa, na kwa maoni yangu huduma yenyewe ndiyo ile, hata chai isingekuwepo.

Mimi kwa upande wangu ni wa kuongea. Nimeingia kwenye kikundi nikiwa binti mdogo nikatoka nimeshazaa, na tangu nimetoka naongea na wazazi mtaani, sokoni, popote, nawaeleza dalili za kuangalia. Kwa hiyo msinidhanie natetea unyamavu kwa sababu ni wangu. Ninautetea kwa sababu nimeona wanaonyamaza wanabeba nini.

Angalieni Shakahola, ule msitu wa Kenya. Sisi watu wa Tanga pale siyo mbali, ukivuka Horohoro ukapita Mombasa ukaenda Malindi umefika, na wengi tuna ndugu ng'ambo ile. Msitu ulianza kufukuliwa Aprili 2023 na miili iliyotolewa ikapita 400, watu waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamuone Yesu. Lakini yule mhubiri, Paul Mackenzie, hakuwa mgeni kwa polisi, alishakamatwa 2017, akakamatwa tena 2019, na Machi 2023, wiki chache tu kabla ya makaburi kufukuliwa, alikamatwa kwa habari ya vifo vya watoto akaachiwa kwa dhamana. Ina maana watu walisema. Walitoka watu mle wakasema, ndugu wakasema, watetezi wa haki za binadamu wa Malindi wakasema. Ndiyo maana huwezi kuniambia kwamba wanaopiga kelele wanatafuta kiki, kelele zao zingesikilizwa mapema kuna watoto wangekuwa darasani leo.

Ila hapohapo Shakahola kuna habari nyingine ambayo watu hawaizungumzi sana. Kati ya waliookolewa wakiwa hai wapo waliokataa chakula hata baada ya kutolewa msituni, na Juni 2023 watu 65 kati yao walifikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. Hebu fikiria, mtu umemtoa shimoni na akili yake bado iko kule, mwili mifupa mitupu, halafu unampandisha kizimbani. Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia aje mbele ya kamera amtaje aliyemdanganya? Huyo kupinga kwake kwa mwaka mzima kunaweza kuwa ni kula sahani ya ugali. Pale Ngamiani yupo dada ambaye kwa muda mrefu hakuwahi kusema neno, alikuwa anakuja anakunywa chai anaondoka, na siku moja alikuja amesuka nywele. Kwenye kikundi chake kusuka ni dhambi. Hakuna aliyempigia makofi wala kumfanyia ushuhuda, dada mmoja tu akamuuliza umesukwa wapi, imekaa vizuri. Mimi nilimuelewa kwamba huo ndio mgomo wake na niliuheshimu sawasawa na lile faili la kijani.

Kuna jioni nyingine mazungumzo yalikwenda mpaka Jonestown, ile kambi ya kanisa la Mmarekani Jim Jones kule Guyana, mwaka 1978. Wengi tunajua mwisho wake tu, kwamba Novemba 18 walikufa zaidi ya watu 900. Mama alitueleza kabla ya mwisho. Alikuwepo mwanamke anaitwa Deborah Layton aliyekuwa karibu na uongozi, akatoroka Mei mwaka huohuo, na Juni akaapa kiapo cha maandishi akaeleza kwamba kule msituni watu wanafanyishwa mazoezi ya kujiua kwa pamoja. Pembeni kulikuwa na ndugu wa waumini na waliotoka, walijipanga kama kundi, wakaandika barua, wakaenda mahakamani, wakamfikia mbunge wa Marekani Leo Ryan, naye akaenda mwenyewe kuangalia na akapigwa risasi kwenye uwanja wa ndege siku ileile. Na ndani kulikuwa na watu waliotaka kutoka wasioweza kusema hata kwa jicho kwa sababu watoto wao walikuwa wamekaa upande wa pili wa meza. Mpaka leo kuna wanaosema kelele za ndugu zilimchokoza Jim Jones akaharakisha. Mimi sikubali, aliyeua ni aliyetoa amri ya kuua, asitwishwe mzigo huo mtu aliyeomba mama yake arudi nyumbani. Lakini hata yule ambaye hakuomba, aliyekaa kimya akingoja upenyo, naye alikuwa anafanya alichokiweza, na hukumu ya sisi tuliokaa Ngamiani na kitumbua mkononi haimfikii.

Msielewe vibaya mkadhani pale kila kitu kinaruhusiwa. Kuna mstari, na Mama akifika kwenye mstari hana upole. Alikuja mama mmoja mwanawe wa kiume yuko kwenye kambi ya maombi upande wa Handeni, kijana mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, mama akataka wajomba waende na Noah wakamchukue kwa nguvu wamfungie ndani mpaka akili irudi. Nani asiyemuelewa huyo mama, mimi nilikuwa upande wake kabisa moyoni. Mama akamwambia hapana, na akamueleza kwa nini. Marekani kuanzia miaka ya 1970 walifanya sana mambo hayo, alikuwepo mtu anaitwa Ted Patrick aliyepata umaarufu kwa kazi ya kuteka vijana kutoka kwenye vikundi na kuwafungia vyumbani wakibishiwa usiku na mchana. Wengine walitoka kweli, wengine walirudi kwenye kikundi wakiwa wagumu zaidi maana sasa wana ushahidi kwamba dunia ya nje ni katili kama walivyoambiwa. Na mwisho wake kijana mmoja, Jason Scott, akawashitaki waliomteka yeye, akashinda mwaka 1995, fidia ikawa kubwa mpaka shirika lililokuwa linasaidia familia nchi nzima, Cult Awareness Network, likafilisika mwaka uliofuata. Familia zote zilizokuwa zinapiga simu pale zikabaki hewani. Yule mama alilia sana, lakini Noah haikwenda. Aliandika barua kwa mwanawe akampelekea na viatu, hakumgusia habari ya imani hata kidogo, na kijana alimjibu kwa meseji, asante mama vimenitosha. Yuko kulekule bado.

Na mtoto ni habari nyingine, hapo hakuna kuheshimu njia ya mtu. Kama kuna mtoto ananyimwa dawa au anapigwa au anafungishwa, Mama hangoji kikao kikubaliane, ni namba 116 ya kusaidia watoto, ni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, siku hiyohiyo, na ukimwambia ngoja kwanza nimuombe ruhusa mume wangu anakujibu simu nishapiga. Kuna watu wamemkasirikia kwa hilo na wameacha kuja. Mimi namuunga mkono kwa asilimia mia.

Bunduki pia tuliijadili, maana vijana walileta ile stori ya Japani, mtu ambaye mama yake alimaliza pesa za familia kwenye kanisa la Unification akaja kumpiga risasi Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani aliyemuona ana uhusiano na kanisa hilo, Julai 2022. Kijana mmoja akasema lakini si ilisaidia, baada ya pale ndio sheria ya michango ikatungwa mwishoni mwa mwaka huo na Machi 2025 mahakama ya Tokyo ikaamuru kanisa livunjwe. Yule baba wa faili la kijani akasimama kabisa, akasema kijana, mawakili wa Japani walijiunga pamoja kwenye kesi hizo tangu 1987, miaka yote hiyo wanakusanya malalamiko ya waliokamuliwa, mahakama haiamui kwa risasi inaamua kwa makaratasi, na makaratasi walikuwa nayo wao. Nilifurahi sana kumsikia, maana ni mtu mkali lakini ukali wake una mpaka.

Kwa wanaopenda kurekodi klipu, hili mlizingatie. Mle ndani kurekodi ni marufuku, simu inalala kifudifudi mezani. Nje ya pale ukitaka kuongea kwenye TikTok hawakuzuii, kuna kaka anafanya hivyo na anasikilizwa kwelikweli, lakini msaidizi wa kisheria atakukalisha kwanza akueleze Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba kusambaza taarifa za uongo ni kosa, kwa hiyo sema lile uliloliona na kulipitia wewe, usiseme uliloambiwa na shoga yako, na usiweke uso wa mtu ambaye hajakubali. Yule kaka zamani alikuwa anaposti picha za ibada nzima na waumini wote wanaonekana, siku hizi anaongea mwenyewe na uso wake, na mimi naona anaaminika zaidi hivyo.

Huduma ya mtu mmoja mmoja niiseme kwa kifupi. Ni saa moja hivi, unaweza kwenda na mtu unayemuamini. Mama ana karatasi ya dalili nane alizoziandika daktari wa akili Robert Lifton mwaka 1961 baada ya kuzungumza na watu waliopitia mafunzo ya kubadilishwa fikra kule China, amezitafsiri mwenyewe kwa mkono, habari kubanwa zisikufikie, maungamo yasiyoisha, mafundisho ya kikundi kuwa juu ya maswali, kuamua nani ana haki ya kuishi na nani hana, na kadhalika. Unapewa penseli uweke alama pale palipokugusa. Hakuambii kikundi chako kibaya, anakuuliza hapa ulipoweka alama kulitokea nini. Mimi ilinisaidia kwa sababu nilikuwa siwezi kueleza, nilikuwa naishia kusema walinifanyia vibaya basi. Kama huna usingizi kabisa au unawaza kujidhuru atakuandikia uende hospitali ukamuone daktari na atakutafutia mtu wa kukusindikiza, hatakung'ang'ania abaki na wewe mwenyewe.

Sasa nyota moja niliyoibakiza. Ukuta ni mwembamba. Kuna siku upande wa pili walikuwa wamefungulia taarabu kwa sauti na hiyo ilikuwa nafuu, siku wakizima unasikia mpaka mtu anaagiza chapati, ina maana na yeye anakusikia. Kwa watu wenye siri za namna yetu hilo siyo dogo, na nimewaambia wazi kwamba watafute chumba kingine hata kikiwa mbali kidogo, Chumbageni au Makorora, pakiwa na ukuta wa maana. Pili ni daftari la mahudhurio pale mlangoni. Unaambiwa unaweza kuandika jina lolote, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nimeona mtu kafika mlangoni kaliona lile daftari kageuka kaondoka zake. Lifutwe, mchango unaweza kuhesabiwa bila majina. Tatu, wanaume wanaongea mno. Siwasemi kwa ubaya, wengi wao kule walikuwa viongozi wamezoea kushika maiki, lakini kina mama wanaotoka mbali wanaondoka saa 12 kuwahi gari za Muheza na hawajapata zamu. Iwepo hata Jumamosi moja kwa mwezi ya wanawake peke yao, mambo mengine hayasemeki mbele za watu, hasa ya ndoa za kupangiwa. Na saa 10 iwe saa 10, siyo 10 na nusu.

Halafu Mama yuko peke yake. Amezeeka, anabeba mengi, siku akiumwa kikao hakuna. Kama kuna muuguzi au mwalimu au mtu wa ustawi wa jamii anasoma hapa na ana Jumamosi zake, nenda kamsaidie, lakini kaa kwanza usikilize kabla hujaanza kuwaambia watu cha kufanya.

Kufika: hutakuta bango. Waulize wasaidizi wa kisheria wa hapa mjini au ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji, waambie unatafuta kikao cha Jumamosi cha Ngamiani, watakuuliza maswali mawili matatu kisha watampigia Mama, naye atakupigia wewe. Ukitokea Kange panda daladala za mjini au bajaji. Fika mapema ukae karibu na mlango kama unajisikia kubanwa, hakuna atakayekuuliza umetoka kikundi gani mpaka useme mwenyewe, na ukitaka kuondoka katikati ondoka tu. Watoto wanaruhusiwa ila hakuna sehemu yao, wanacheza uani kwenye mchanga na yule binti wa mgahawa anawaangalia kwa jicho moja, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa aje na mtu wa kumshikia.